Betri Tatu na Barua za Kishushe

Siku radi ilipopiga nguzo ya stima nyuma ya nyumba yetu, mume wangu alikuwa Kishushe, na mashine yake ya hali ya hewa ilikuwa imeachwa mikononi mwangu.

Tulikuwa tukiishi Voi wakati huo, miaka ya tisini, katika nyumba ya kupanga karibu na soko. Mimi nilikuwa karani wa kupiga taipu katika ofisi moja mjini. Yeye alikuwa fundi wa kupima ardhi, na watu waliokuwa wakitafuta madini walimchukua kwa wiki tatu au nne kwa mkupuo. Kambi yao huko Kishushe haikuwa na simu. Kilichotuunganisha ni lori la ranchi lililoshuka mjini kila Jumanne na Ijumaa kuchukua dizeli na unga. Dereva wake aliacha barua katika duka la jirani yangu, mama mmoja wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka Mombasa zamani, na hapo hapo alichukua zangu akimaliza chai.

Mashine yenyewe mume wangu aliachiwa na mtafiti mmoja wa udongo aliyemaliza kazi yake na kurudi kwao. Nje, juu ya bomba refu, kulikuwa na vikombe vitatu vya kupima upepo, na mshale wa kuonyesha unakovuma. Chini yake kulikuwa na kipima mvua ambacho ndani kina kijiko kinachobinuka kila kikijaa. Waya mnene ulipita dirishani hadi kwenye kisanduku kilichokaa juu ya kabati, chenye kioo kidogo cha tarakimu. Kisanduku, ambacho chenyewe kilipima joto na unyevu, kiliweka vipimo vya kila saa, na kila Jumapili vipimo hivyo vilihamishiwa kwenye kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mtu.

Alichotaka ni mwaka mzima bila pengo. Hata saa moja isikosekane. Alianza Februari, na sasa tulikuwa Desemba. Kanisani watu walimuuliza kama wanaweza kuanika mahindi, na yeye alijibu kwa uzito kama daktari. Kabla ya kuondoka aliniandikia karatasi ya namna ya kuhamisha vipimo siku ya Jumapili: bonyeza hiki, ngoja, bonyeza kile. Karatasi hiyo haikusema neno juu ya mambo yakiharibika. Nilihamisha mara moja, Jumapili ya mwisho ya Novemba, na ikakubali. Watoto wetu wawili walikuwa wamepanda milimani Wundanyi kwa mama yangu kwa likizo, nyumba ilikuwa kimya, na nikajiona mtaalamu.

Alhamisi iliyofuata, kama saa kumi, wingu jeusi lilikuja kutoka upande wa vilima vya Mraru. Nilikuwa bado ofisini. Mvua ilipiga mabati hata hatukusikizana, kisha ukaja mlio mmoja uliofanya mwenzangu aangushe kikombe, na stima ikapotea mji mzima. Nilifika nyumbani nikiwa nimelowa hadi ndani ya viatu. Nilipofungua mlango nilipokewa na harufu ya plastiki iliyoungua. Adapta ya mashine, ile inayochomekwa ukutani, ilikuwa imevimba na kupata doa jeusi. Kioo cha kisanduku kilikuwa kitupu.

Ijumaa asubuhi nilipeleka barua dukani. Niliandika kwa kifupi: radi imepiga, kioo kimezima, adapta imeungua, nifanye nini?

Jirani alipoipokea aliniuliza, "Hicho kidude chake kimekufa au kimezimia tu?"

"Ndilo ninalotaka kujua, mama."

"Basi kiombee uhai, mwanangu. Mumeo akikikuta maiti hapatakalika."

Jumamosi sikuweza kungoja tena. Barua ingejibiwa Jumanne mapema kabisa, na kila saa iliyopita niliihesabu kama tundu katika mwaka wake. Nilibeba kisanduku na adapta hadi kwa fundi wa redio karibu na stendi, mtu wa bara, mpole, ambaye meza yake ilijaa redio zilizofunguliwa matumbo. Alinusa adapta, akaipima kwa mita yake, akaitupa kando.

"Hii imeenda, madam. Lakini hii box inaweza kuwa mzima."

Alitafuta adapta nyingine ya nguvu ile ile, akabadilisha plagi yake, akachomeka. Kioo kikawaka. Nilipiga makofi kama mtoto. Kisha tukatazama tarakimu: joto nyuzi sabini na moja, unyevu sifuri, na saa imeganda pale pale saa kumi na dakika saba, saa ya radi.

"Imechanganyikiwa," fundi akasema. "Hii ni kuizima kabisa ianze upya. Iko na betri ndani?"

Alikigeuza kisanduku, akafungua kifuniko kidogo chini yake. Ndani mlikuwa na betri tatu za duara, ndogo kama vifungo vya shati. Nilizitazama nikiwa sijawahi kuziona. Aliniangalia kama mtu anayeomba ruhusa, nami nikatikisa kichwa kukubali. Ni mimi niliyekubali, hilo sitalikana. Alizitoa, akaziweka mezani, tukangoja kidogo, akazirudisha. Kioo kikawaka upya. Joto nyuzi thelathini na mbili, unyevu wa kawaida, saa sita usiku, tarehe mosi Januari. Nililia kwa furaha, kweli. Nilirudi nyumbani nimekibeba kisanduku kifuani, nikakiunganisha na waya wa nje, nikakiwekea saa na tarehe. Nikafunua vyungu vyangu nikala nikiwa nimeridhika.

Raha hiyo haikumaliza hata siku moja. Jumapili baada ya kanisa nilikaa mbele ya kompyuta na karatasi yangu. Bonyeza hiki, ngoja. Skrini ikaandika kwa Kiingereza kwamba hakuna mawasiliano na kituo. Nikabonyeza tena. Hakuna mawasiliano. Nilichomoa waya, nikaupuliza, nikaurudisha. Niliuzima mtambo wote na kuuwasha. Hakuna mawasiliano. Nilifanya hivyo mpaka kidole cha shahada kikauma. Juu ya hayo, nilipoinua macho dirishani niliona vikombe vya upepo vikizunguka mbio, na nilipotazama kioo, upepo ulikuwa sifuri.

Jumanne ikaleta jibu. Nililisomea pale pale dukani, nimesimama kati ya gunia la mchele na pipa la mafuta ya taa. Alikuwa ameandika kwa ile kalamu yake nyembamba ya ramani:

"Mama watoto, usihofu. Tafuta adapta nyingine tu. Tarakimu zikiwa za ajabu, chomoa adapta ukutani kwa dakika tano, zitajirekebisha. Lakini nakuomba, nakuomba sana, usiguse zile betri tatu za chini. Hizo ndizo zinazoshika kumbukumbu. Vipimo vya tangu Jumapili vimo humo, pamoja na vya ile radi yenyewe. Ukizitoa, vyote vimekwenda."

Nililisoma mara tatu. Siku tano barua imekwenda na kurudi, na neno moja nililolihitaji limefika siku tatu baada ya kazi kuharibika. Na yeye alijua! Alijua tangu zamani kwamba maisha ya mashine yamo katika vifungo vitatu, na katika karatasi yake yote ya bonyeza hiki, ngoja, hakuona haja ya kuniambia. Nilikuwa na hasira naye, na fundi, na radi, na zaidi ya wote nilikuwa na hasira na kichwa changu kilichotikisika kukubali.

Dereva alikuwa akimalizia chai yake. "Kuna jibu, mama? Mimi naondoka."

Nikaazima kalamu, nikaandika nyuma ya risiti ya sukari: "Adapta imebadilishwa. Kisanduku kinafanya kazi sawa sawa. Ila kompyuta haisomi, na upepo unaonyesha sifuri."

Hakuna hata neno la uongo ndani yake, ukiyasoma maneno yake moja moja. Lakini nilijua nilichofanya. Betri sikuzitaja.

Kazi niliyobaki nayo ilikuwa ya kuzuia pengo la pili. Kisanduku kile hubeba vipimo vya siku kumi na nne tu. Zikitimia, huanza kufuta vya zamani ili kuweka vipya. Kwa hiyo tangu ile Jumamosi nilikuwa nimepewa wiki mbili za kuifanya kompyuta ikisikie. Nilichukua kitabu cha maelezo, kimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, nikawa nakwenda nacho ofisini na kukisoma saa ya chakula, kamusi upande huu na chapati upande huu.

Nilianza na upepo, kwa kuwa ule angalau uliweza kushikika kwa mkono. Jumatano nilitoka kazini mapema nikaazima ngazi ya jirani. Alikuja nayo yeye mwenyewe, akaishika chini, buibui lake amelikunja kiunoni.

"Ukianguka mimi sikuokoti," alisema. "Mgongo wangu hauwezi."

Katikati ya bomba kulikuwa na kijisanduku cha plastiki ambapo nyaya zote za nje zilikutana. Nilikifungua kwa bisibisi, na sisimizi wakamwagika mkononi mwangu na mayai yao meupe. Maji ya ile mvua yalikuwa yameingia kwa juu, yakakaa, na wao wakaona wamepata makao. Waya mmoja ulikuwa umeota kutu ya kijani na kukatika. Nilipiga kelele, nikapangusa, nikauma ganda la waya kwa meno kama nilivyomwona mume wangu akifanya, nikaukunja na kuurudisha chini ya skrubu yake.

"Nenda ndani utazame," nilimwambia jirani.

Aliingia, akakaa kidogo, akatokeza kichwa dirishani. "Pameandikwa nne. Sasa saba. Ndivyo itakikanavyo?"

"Ndivyo!"

Niliteremka nikakaa kwenye kidato cha chini cha ngazi, mikono imejaa uvimbe wa kuumwa, na badala ya kushukuru nikajikuta nalia. Alinisikiliza nikimweleza habari ya betri tatu na ya ile risiti ya sukari.

"Kuzitoa si kosa lako," alisema mwishowe. "Kunyamaza ndiko kosa lako. Mwambie kabla hajavua viatu. Akishavua viatu, akala, akacheka, ukamwambia baadaye, utakuwa umemfanya mjinga nyumbani kwake."

Niliazimia kuandika ukweli Ijumaa. Lakini Ijumaa lori lilileta barua yake kwanza, nayo ilikuwa na furaha tupu. Alisema anashukuru Mungu kisanduku ni kizima. Kompyuta isinisumbue, niiache kabisa, nisiguse kitu, atahamisha mwenyewe akija, kwa sababu kila kitu kimo salama ndani. Amewaeleza wenzake kambini kwamba ana vipimo vya ile radi saa kwa saa. Nilikunja barua ile ikawa ndogo kama kidonge. Dereva aliondoka bila jibu lolote kutoka kwangu.

"Nisiguse kitu." Kama ningemtii, kisanduku kingejaa na kuanza kujifuta, na yeye asingejua, maana mtu wa kambini hahesabu siku kama mtu wa nyumbani. Niligusa.

Kitabu kilieleza jaribio moja: chukua kibanio cha karatasi, kikunjue, uunganishe pini ya pili na ya tatu katika tundu la kompyuta lililo nyuma, kisha uandike herufi katika ukurasa wa majaribio. Tundu likiwa zima, herufi zitakurudia kwenye skrini. Jumamosi asubuhi nilipiga magoti nyuma ya meza na kibanio cha ofisi. Niliunganisha pini zile, nikaandika jina la mama yangu. Skrini ikabaki tupu. Nikaandika tena, kwa nguvu, kana kwamba nguvu ya vidole ingesaidia. Tupu. Basi radi ilikuwa imepita kwenye waya hadi ndani ya kompyuta na kuliua tundu lile. Siku zote nilizopuliza waya nilikuwa nikipuliza maiti.

Lakini pembeni kulikuwa na tundu la pili, pana zaidi, ambalo halikuwahi kutumika, limejaa vumbi. Nililisafisha kwa mswaki, nikahesabu pini, nikaweka kibanio, nikaiambia programu itazame huko. Nikaandika. Jina la mama yangu likarudi kwenye skrini, herufi kwa herufi.

Plagi yetu haikuingia kwenye tundu lile, ilikuwa ndogo. Nilikwenda kwa fundi wa redio na mchoro niliounakili kutoka kitabuni. Sikumlaumu kwa betri. Nilitaka, lakini nilipomwona anavyofurahi kuniona, akiuliza, "Ile box inaendelea, madam?", nikampa mchoro tu. Alilehemu nyaya tatu kwenye plagi kubwa aliyoitoa katika mashine mbovu, na kabla ya saa nane nilikuwa nyumbani.

Bonyeza hiki, ngoja. Safari hii taa ndogo ya kisanduku ilianza kupepesa, na tarakimu zikamiminika. Kisha skrini ikauliza swali ambalo halikuwa katika karatasi yangu: vipimo vya Juni tayari vipo, nivifute niweke hivi?

Juni! Mikono iliganda hewani. Ilinichukua muda kuelewa. Jumamosi ya wiki iliyotangulia, tarehe sita Desemba, niliandika sita kwanza na kumi na mbili baadaye, kama anavyoandika mtu yeyote. Mashine ile huweka mwezi mbele. Kwa wiki nzima ilikuwa ikiamini kwamba tuko tarehe kumi na mbili Juni na kuendelea. Ningebonyeza ndiyo, kama nilivyozoea kubonyeza, ningekuwa nimefuta na Juni yake pia. Nilibonyeza hapana. Nikavihifadhi vile vipya chini ya jina jingine, nikarekebisha tarehe. Kisha nikatoka nje kuvuta pumzi, maana ndani ya nyumba ile nilihisi kila kitufe kinanisubiri nikosee.

Alirudi Ijumaa iliyofuata, mwekundu kwa vumbi tangu nyusi hadi soksi. Aliniamkia mlangoni, akaweka begi, na macho yake yakanipita kwenda kwenye kabati. Nilisimama mbele yake.

"Usivue viatu. Nina neno. Betri zilitolewa."

"Zipi?"

"Zote tatu. Vipimo vya tangu ile Jumapili hadi Jumamosi havipo. Vya radi havipo."

Alikaa kwenye mkono wa kochi. Kisha akaanza, kwa sauti ya chini, "Nilikuambia usiguse..."

"Uliniambia Jumanne! Mimi nilizitoa Jumamosi. Kwa nini hukuniambia kabla ya kuondoka? Umeniachia mashine yenye roho usinionyeshe roho iko wapi!" Sauti yangu ilipanda hadi nikasikia redio ya nyumba ya pili ikipunguzwa. Nilimwaga yote: sisimizi, ngazi, kibanio, Juni. Nilimwambia nimechoka kuwa mlinzi wa kitu ambacho sikuelezwa.

Alifungua begi, akatoa ile risiti ya sukari. Alikuwa ameitunza. Akaisoma kwa sauti: "Kisanduku kinafanya kazi sawa sawa." Akaniangalia. "Hii uliandika Jumanne. Baada ya kusoma yangu."

Nilikwenda jikoni nikabandika maji yake ya kuoga.

Siku ile na ya pili tulizungumza mambo ya chumvi na sabuni tu. Jumapili hakwenda kanisani. Aligoma kuamini kwamba tundu la kwanza limekufa, akashinda sakafuni nyuma ya meza akibadilisha waya, akipuliza, akibonyeza. Mimi nilikwenda na kurudi nikamkuta pale pale, kidole cha shahada amekishika kwa mkono mwingine. Mwishowe, bila kugeuka, aliuliza, "Hicho kibanio ulikiweka pini gani?"

"Ya pili na ya tatu."

Nilikaa sakafuni kando yake nikamwonyesha. Aliandika herufi, skrini ikabaki tupu. Kisha akaniomba nimwelezee na lile tundu la pili, na nilipokuwa nikieleza niliona anasikiliza kweli, kama anavyosikiliza fundi mwenzake. Baadaye alifungua daftari lake la mwaka, akapiga mistari mitupu katika siku zile saba, na pembeni akaandika kwamba betri zilitolewa kwa kutojua. Alitaka kulifunga. Nikamwambia aongeze kwamba karatasi ya maelezo haikuzitaja. Akaongeza.

Krismasi tulipanda Wundanyi kuwafuata watoto. Mama alimuuliza kama mwaka wake umetimia, naye alijibu kwamba ataanza upya Januari. Akaanza, kweli. Mwaka ule nao haukufika mwisho, kwani Aprili stima ilipotea siku nne mtaa mzima, na sote wawili tulikuwa nyumbani, tumekaa tukikitazama kile kioo kitupu. Aliniuliza kama kuna chai. Nikamwambia ipo, ila baridi.